Bembea au Chemchemi ya Mapenzi: mchoro upi wa Fragonard uupe muda wako?

Katika makumbusho ya Wallace Collection, Manchester Square, London, ipo michoro miwili ya mapenzi iliyotoka kwa mkono mmoja, wa Mfaransa Jean-Honoré Fragonard. Wa kwanza ni Bembea, wa mwaka 1767 hadi 1768. Wa pili ni Chemchemi ya Mapenzi, wa mnamo mwaka 1785. Kati yake imepita miaka 17 hivi, na asiyejua angeweza kuapa kuwa ni kazi ya watu wawili. Mmoja umejaa majani, jua na gauni la waridi. Mwingine ni giza la kahawia lenye mwanga wa dhahabu katikati. Kiingilio ni bure, ila muda wa mgeni una mipaka, na wengi huumalizia mbele ya Bembea kwa sababu ndio mchoro walioukuta tangu zamani kwenye kadi, vikombe na majalada ya vitabu. Ningependa kukusaidia uamue saa yako uipe mchoro upi. Nitaleta na wa tatu, wa Antoine Watteau, ulioko makumbusho ya Louvre mjini Paris, kwa kuwa yupo mtazamaji ambaye hii miwili ya London haitamtosha.

Niseme msimamo wangu mapema. Ukiwa na nafasi ya mchoro mmoja tu, na unachotaka ni kuelewa jinsi karne ya 18 ilivyoisema tamaa kwa mafumbo, chagua Chemchemi. Bembea ni mchoro mzuri mno na sitamzuia mtu kuupenda, lakini ndani yake mafumbo ni pambo la kisa. Katika Chemchemi hakuna kisa kingine nje ya fumbo, na ndiyo maana unahitaji kusimama mbele yake kwa muda mrefu zaidi.

Kisa cha Bembea

Tunajua namna wazo la mchoro huu lilivyoanza kwa sababu mwandishi wa tamthilia Charles Collé aliandika katika shajara yake, Oktoba 1767, aliyosimuliwa na mchoraji Gabriel-François Doyen. Doyen alikuwa ametoka kusifiwa kwa mchoro mkubwa wa kanisani, wa muujiza wa Mtakatifu Genevieve. Muda mfupi baada ya mchoro huo kuonyeshwa, bwana mmoja wa ikulu akamwita kwenye nyumba yake ya starehe, mpenzi wake akiwepo, akamweleza anachotaka: mpenzi huyo achorwe juu ya bembea, bembea isukumwe na askofu, na yeye bwana awekwe chini, mahali ambapo ataiona vizuri miguu ya binti, na zaidi ya miguu kama mchoraji atapenda. Doyen alishtuka. Alipojikusanya akaongeza wazo lake, kwamba viatu virushwe hewani na vitoto vyenye mabawa vividake. Kisha akaikataa kazi, akamtaja Fragonard.

Fragonard alikuwa na miaka 35. Alizaliwa Grasse, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1732. Alipita kwa mchoraji Chardin, akafundishwa na mchoraji Boucher, akashinda tuzo ya kwenda Roma mwaka 1752, na mwaka 1765 mchoro wake mkubwa wa kuhani anayejiua ili asimtoe kafara mwanamke anayempenda ulishangiliwa Paris na kununuliwa na serikali ya mfalme. Njia ya heshima ilikuwa wazi mbele yake, ile ya picha kubwa za historia na dini. Akaiacha, akachukua kazi ambayo mwenzake aliikimbia. Sioni sababu ya kumlaumu. Picha kubwa za serikali zililipwa kwa kuchelewa, na macho yake yalipenda vitu vya karibu: kitambaa, jani, shingo ya mtu anayecheka.

Askofu hakufika kwenye turubai. Anayevuta kamba kivulini, upande wa kulia, ni mzee asiye na vazi lolote la kanisa. Binti yuko katikati, hewani, juu ya mto mwekundu. Chini kushoto kijana amelala nusu ndani ya kichaka cha waridi, uso umemwiva, na mkono wenye kofia umenyooka kuelekea gauni. Mguu wa kushoto wa binti uko juu, kiatu kimechomoka, kimebaki kinaelea hewani kikielekea sanamu ya Cupid, mungu mdogo wa mapenzi. Sanamu hiyo ilikuwepo kweli. Aliichonga Étienne-Maurice Falconet mwaka 1757 kwa ajili ya Madame de Pompadour, mpenzi wa mfalme Louis wa 15. Ya marumaru iko Louvre, na kiwanda cha kauri cha Sèvres kilitoa nakala ndogo, hivyo watu wenye uwezo waliitambua mara moja. Cupid ameweka kidole midomoni. Anamwambia kijana anyamaze, anamwambia binti anyamaze, na anakuambia na wewe unayetazama, kwa sababu umesimama mahali unapoona kila kitu ambacho mzee hakioni.

Mbwa mdogo mweupe, chini kulia, anabweka. Katika michoro ya Ulaya mbwa huwa alama ya uaminifu, na huyu anapiga kelele bila kusikilizwa na yeyote. Chini ya bembea kuna sanamu nyingine ya vitoto viwili, vinatazama juu kama vinavyoogopa bembea isije ikavifikia.

Simama karibu, kadiri mlinzi atakavyokuruhusu, uangalie kiatu. Ni kitu kidogo sana, na kimejengwa kwa miguso michache tu ya brashi. Ukirudi nyuma kinakuwa kiatu cha hariri chenye kisigino. Majani nayo hayakuchorwa moja moja. Ni mawimbi ya kijani na buluu yanayopanda na kushuka, na mti unaonekana kuwa na joto lilelile lililo usoni mwa kijana. Mwaka 2021 makumbusho yaliusafisha mchoro huu na kuondoa vanishi ya zamani iliyokuwa imegeuka njano, kwa hiyo kama unaujua kutoka kitabu cha zamani, bado hujaiona buluu yake.

Hapo ndipo uzuri wa Bembea ulipo, na mpaka wake pia. Ukishajua nani anamdanganya nani, umeumaliza upande wa maana. Kinachokurudisha baada ya hapo ni rangi na ustadi, navyo vinatosha kabisa kwa mtu anayechora. Kwa anayetafuta fumbo la kuzama nalo, mchoro unatoa jibu haraka mno.

Chemchemi

Mchoro huu ni mdogo zaidi, sentimita 64 hivi kwa 51, wakati Bembea ni 81 kwa 64. Hauna mzee, hauna mbwa, hauna mtu aliyejificha. Vijana wawili, mwanamume na mwanamke, wanakuja mbio bega kwa bega. Vichwani wana mataji ya maua. Nyuso zao zimechorwa kwa ubavu, namna ile ya nyuso za kwenye sarafu na vito vya kale, na nguo zao ni nyepesi, za kuwaiga Wagiriki na Warumi. Wamefika ukingoni mwa beseni la mawe. Kwenye maji panafuka ukungu, na ndani ya ukungu vinacheza vitoto vyenye mabawa. Kimoja kinawanyooshea kikombe. Midomo yao imekielekea, na Fragonard amewashika katika pumzi ile ya mwisho kabla ya kunywa.

Ulaya ilikuwa na hadithi za kale za chemchemi ambayo anayekunywa maji yake hushikwa na mapenzi. Watazamaji wa mwaka 1785 walizijua. Basi rahisi ungesema: hawa wawili wanakunywa maji ya mapenzi, kwisha. Lakini angalia miili yao. Wanakimbia. Vifua vimetangulia, nguo zimebaki nyuma, macho yamekaza. Kama maji ndiyo yanayoleta mapenzi, na bado hawajayanywa, kitu gani kimewakimbiza hadi hapa?

Swali hilo ndilo linalonifanya niupende mchoro huu kuliko ule maarufu. Fragonard ameweka kiu mbele ya maji. Tamaa imefika kwanza, imewabeba, imewatoa mahali tusipopaona, na sasa inawafikisha kwenye kikombe ambacho kitaitwa mapenzi. Jina la mchoro linataja mapenzi, miguu inaonyesha tamaa, na nafasi kati ya midomo na kikombe ndiyo mpaka wa hivyo viwili. Upana wa mpaka huo ni wa vidole vichache tu vya mchoro, na turubai nzima inaning'inia hapo. Sijui mchoro mwingine wa karne hiyo uliolisema jambo hilo kwa vitu vichache hivi.

Ukishaliona, kila alama inaanza kufanya kazi. Ukungu unaofuka unaficha kilichoko mbele, kwa hiyo wanakimbilia wasichokiona. Mavazi ya kale yanawaondoa Paris na kuwatoa katika mwaka wowote. Hawana cheo, hawana mali, hawana jina. Mataji ya maua ni ya sikukuu na ya kafara pia, kwa sababu katika dini za kale za huko aliyepelekwa madhabahuni, hata mnyama, alivikwa maua. Fragonard alilijua hilo vizuri: katika miaka hiyohiyo alichora michoro mingine ya namna hii, mmoja ukiwa wa mwanamke anayelitoa waridi lake sadaka mbele ya madhabahu ya Cupid. Furaha na hasara zimevaa taji moja.

Na nyuso mbili ziko sambamba. Hakuna anayemvuta mwenzake wala anayekimbizwa. Hili halikuwa jambo dogo. Picha nyingi za mapenzi za wakati ule zina mwindaji na mwindwa. Mwanamume ananyoosha mkono, mwanamke anageuza shingo. Hapa hatua yake na hatua yake ni sawa, kiu yake na kiu yake ni sawa.

Rangi ndiyo huwafukuza wageni. Ukitoka kwenye Bembea ukaja hapa, unaona kahawia tu. Mpe jicho muda. Kahawia hiyo ina dhahabu, ina jivu, ina wekundu uliozama, na mwanga umeangukia nyuso na vifua vyao na kuacha kila kitu kingine kiende gizani. Karibu mchoro wote umefanywa kwa ukoo mmoja wa rangi, na ni yule yule aliyechora gauni la waridi. Alijinyima kwa makusudi. Gauni zuri hapa lingetuambia kuhusu mtu fulani, naye hakutaka mtu fulani.

Kilichotokea katikati

Kati ya michoro hii miwili ladha ya Ufaransa iligeuka, na Fragonard aliumia katika mageuzi hayo. Mwaka 1771 na 1772 alichora turubai nne kubwa kwa ajili ya banda la starehe la Madame du Barry, mpenzi wa mfalme Louis wa 15, huko Louveciennes. Zinaonyesha hatua za mapenzi katika bustani: kijana anamwendea binti na waridi, wanakutana kwa siri, anavikwa taji, wanasoma barua zao. Zilirudishwa. Nafasi yake ikachukuliwa na kazi za Joseph-Marie Vien, mtulivu, mwenye kufuata Wagiriki na Warumi. Uchimbuaji wa Herculaneum, ulioanza 1738, na wa Pompeii, ulioanza 1748, miji ya Kirumi iliyofukiwa na volkano, ulikuwa umewajaza watu hamu ya mambo ya kale, na bustani zenye maua mengi zikaonekana zimepitwa.

Turubai hizo zilikaa na mchoraji hadi alipozipeleka Grasse mwaka 1790, nyumbani kwa binamu yake. Leo ziko makumbusho ya Frick Collection, New York. Henry Clay Frick alizinunua mwaka 1915. Kama uko New York usifikiri mara mbili, nenda, maana zinazunguka chumba na wewe unakuwa ndani yake. Ila kwa fumbo haziongezi sana juu ya Bembea. Ni hadithi tamu, ndefu, ya uchumba.

Nilitaja kisa hicho kwa sababu kinaeleza mavazi ya Chemchemi. Fragonard aliyachukua mavazi ya waliomshinda. Mwaka 1785, huohuo ambao Paris ilimiminika kumtazama mchoraji Jacques-Louis David na askari wake wa Kirumi wanaokula kiapo cha kufa kwa ajili ya nchi, Nicolas-François Regnault alitoa nakala ya kuchapwa ya Chemchemi. Miili ya David imesimama imara na inatii amri. Miili ya Fragonard imevaa nguo zilezile na haimtii yeyote ila kiu yake. Mtu aliyeambiwa amepitwa na wakati alijifunza lugha mpya akaitumia kusema jambo lake la siku zote, na akalisema vizuri kuliko mwanzo.

Kwa msomaji aliyelelewa na mafumbo

Aliyezoea taarab ya pwani ana faida mbele ya michoro hii. Akisikia wimbo wa kisima, wa asumini au wa njiwa aliyeruka, hawazi maji wala ndege. Anasikiliza kinachofichwa na kinachofichuliwa. Anajua pia kwamba kuna fumbo la kumlenga mtu, ambalo utamu wake ni kujua ni nani, na kuna fumbo lisilo na mtu, ambalo kila msikilizaji hulipokea kama lake. Bembea ni la aina ya kwanza. Lilimlenga bwana mmoja, mpenzi wake na mzee mmoja, na walioelewa walicheka. Chemchemi ni la aina ya pili. Huhitaji kujua habari yoyote ya ikulu ya Ufaransa ili likupate. Ndiyo maana ningempeleka mtu anayetunga mashairi kwenye Chemchemi kwanza, na mtu anayeandika hadithi fupi kwenye Bembea.

Kuna suala moja ambalo lazima ulipime mwenyewe. Furaha ya Bembea inamhitaji mtu wa kudanganywa. Bila mzee kivulini, kisa hakipo. Wapo wanaoona hapo uhuru wa binti: yeye ndiye aliye juu, ndiye mwenye mwanga, na kiatu amekirusha yeye. Nakubali kwamba uso wake hauna woga wowote. Lakini mchoro uliagizwa ili mwanamume atazame, na kila mstari unaongoza jicho kule alikotaka litazame. Nikisimama hapo kwa muda mrefu huwa nachoka kuwa mshiriki wa siri hiyo. Mbele ya Chemchemi sichoki namna hiyo, kwa sababu hakuna anayechunguliwa. Vijana hawa hawajui kama tupo, na hata wangejua wasingegeuka.

Wa tatu, kama mapenzi unayoyajua ni ya muda mrefu

Watteau alizaliwa Valenciennes mwaka 1684 na akafa 1721, akiwa na miaka 36. Chuo cha Sanaa kilimpokea kwa hatua ya kwanza mwaka 1712, kikamtaka alete mchoro wa kukamilisha uanachama, na kikangoja miaka 5. Mwaka 1717 akauleta: Hija ya Kisiwa cha Cythera, sentimita 129 kwa 194. Cythera ni kisiwa cha Venus, mungu wa kike wa mapenzi. Upande wa kulia kuna sanamu yake iliyofungwa maua ya waridi. Kushoto, chini, kuna mashua ya dhahabu na vitoto vyenye mabawa vinaruka juu yake.

Anza kulia. Mwanamke ameketi na upepeo mkononi, kijana amepiga magoti anamnong'oneza, na Cupid mdogo aliyekalia podo lake la mishale anavuta gauni la mwanamke: twende. Jozi ya pili inasimama. Mwanamume anamwinua mwenziwe kwa mikono miwili. Jozi ya tatu imeshaanza kushuka kilima, mwanamume ana fimbo ya hija, na mwanamke amegeuza kichwa kutazama alikotoka. Wengi huwasoma kama jozi moja katika nyakati tatu, na mimi pia. Kushawishika, kuinuka, kuondoka na kugeuka nyuma.

Swali lililowagawa wataalamu ni kama wanakwenda kisiwani au wanatoka. Jina lililozoeleka linasema wanakwenda. Mwaka 1961 Mwingereza Michael Levey aliandika kwamba wako kisiwani tayari na wanaanza safari ya kurudi, kwani sanamu ya Venus iko hapo hapo na jozi zimeshaungana. Mimi naona uso wa yule mwanamke aliyegeuka unampa haki Levey. Mtu anayekwenda kwenye furaha hatazami nyuma namna ile.

Basi kuna tofauti kubwa na Fragonard. Katika Chemchemi muda umebanwa kuwa pumzi moja. Kwa Watteau muda unatembea, na unatembea kwenda chini. Aliyefiwa, aliyeachana na mtu kwa wema, au aliyekaa na mwenzake miaka mingi, huyo Chemchemi inaweza kumpita kama kelele za vijana. Aende Louvre. Asiyeweza kufika Paris lakini yuko Ujerumani, kuna toleo la pili la mchoro huo, lenye watu wengi zaidi na Cupid wengi zaidi, katika kasri la Charlottenburg, Berlin. La Paris lina hewa na utulivu. La Berlin limejaa. Naliweka la Paris mbele.

Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa michoro ya namna hii ilidharauliwa kiasi kwamba wanafunzi wa David, kwa ushuhuda wa mmoja wao, waliufanya huu wa Watteau shabaha ya vidonge vya mkate. Fragonard mwenyewe alipewa kazi katika makumbusho mapya ya Louvre kwa msaada wa David, akafa Paris mwaka 1806 watu wakiwa wameshaisahau brashi yake. Bembea ilirudi kwenye macho ya watu katikati ya karne ya 19. Lord Hertford, ambaye mkusanyo wake ndio sehemu kubwa ya Wallace Collection, aliinunua mwaka 1865, na ndiyo sababu iko London.

Kuchagua

Jambo linaloamua zaidi, kwa maoni yangu, ni jinsi kila mchoro unavyostahimili skrini. Bembea inastahimili. Hata ikiwa ndogo kama stempu, unaona gauni, kiatu, kijana na mzee. Watteau anapoteza nyuso lakini mwendo wa kilima unabaki. Chemchemi inaharibika kabisa. Kwenye simu giza linakuwa tope, ukungu unakuwa doa, na ile nafasi kati ya midomo na kikombe, ambayo ndiyo roho ya kazi, inapotea. Kwa hiyo uliyepata nafasi ya kufika Wallace, itumie kwa kile ambacho picha ya mtandaoni haiwezi kukupa. Bembea utaikuta tena popote.

Mwanafunzi wa uchoraji ndiye ninayemtoa katika shauri hilo. Yeye aikae Bembea saa nzima, ajifunze majani. Na mwalimu mwenye wanafunzi wadogo atapata kazi rahisi zaidi na Watteau, kwa kuwa anaweza kuuliza "wanakwenda au wanarudi?" na darasa zima likabishana bila yeye kulazimika kueleza kijana wa kwenye waridi anatazama nini.

Uliye mbali na makumbusho yote bado una njia ya kuiona Chemchemi kwa heshima. Toleo lake la pili, lenye ukubwa karibu uleule, liko makumbusho ya Getty, Los Angeles, tangu mwaka 1999, na Getty wanaruhusu kupakua bure picha kubwa za kazi zao za zamani. Ipakue, ifungue kwenye kompyuta badala ya simu, ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, na upandishe mwangaza wa skrini. Usianze na nyuso. Anza na miguu ukingoni mwa beseni, panda na mikunjo ya nguo uone ilivyobaki nyuma ya miili, fika kwenye vifua, kisha midomo, na kikombe kiwe cha mwisho.

Ukiwa London, anza na Chemchemi kabla hujaiona Bembea. Jicho lililokwisha kushiba waridi na kijani hukataa kuzoea kahawia, na utaondoka ukidhani mchoro ni mchafu. Ukianza na giza, Bembea itakungoja na mwanga wake wote, na itakuwa nzuri zaidi kwa kuwa utajua mtu huyuhuyu alifika wapi baadaye.